Kilinganishi Ndicho Kila Kitu: Safu Iliyopangwa ya C na Orodha ya Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksi angani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku na ya mahali. Vifaa vyake vilikuwa vya kundi la Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi ya miali hiyohiyo. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, takriban digrii tatu kusini, hivyo setilaiti inayorushwa kuelekea mashariki husukumwa na mzunguko wa dunia, na obiti yake hubaki mbali na eneo la Atlantiki Kusini ambako mionzi huvichafua vipimo.

Roketi ya mwisho ya San Marco iliruka Machi 1988. Kilichobaki cha Uhuru, na ambacho wanaastronomia wanakitumia hadi leo, ni orodha. Toleo lake la nne, lililochapishwa mwaka 1978, lina vyanzo 339, na kila kimoja kina jina la umbo moja: 4U 0115+63, 4U 1626-67, 4U 1700-37, 4U 1956+35. Tarakimu nne za kwanza ni saa na dakika kwenye longitudo ya anga, ambayo huhesabiwa kutoka saa 0 hadi saa 24. Zinazofuata alama ya kujumlisha au kutoa ni digrii za latitudo ya anga. Anayelijua jina anajua pa kuelekeza darubini, na anajua pia chanzo kiko wapi ndani ya orodha, kwa kuwa orodha imepangwa kwa longitudo hiyo.

Orodha ya namna hii, inayosomwa mara elfu na kuandikwa mara moja, ndiyo mahali pake hasa pa chombo ambacho waandishi wa programu za C hukiunda upya kila mwaka, kila mmoja kivyake: safu iliyopangwa, inayokubali data ya aina yoyote. Kila anayeanza kuiandika hudhani ugumu uko kwenye hilo neno “yoyote”. Anapigana na vielekezi vya void, na ukubwa wa baiti, na makro, mpaka anashinda. Halafu programu inaharibika kwa sababu nyingine kabisa: hakuwahi kuamua kwa usahihi nini kinatangulia nini.

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell miaka hiyohiyo ya San Marco, haina chombo chochote cha data zaidi ya safu yenyewe. Anayetoka Python au Java hushangaa: hakuna orodha inayokua, hakuna mti, hakuna kamusi. Maktaba ya kawaida inampa funksheni mbili tu za kufanyia kazi safu iliyopangwa, qsort ya kupanga na bsearch ya kutafuta. Zote mbili zimejengwa juu ya wazo moja. Hazijui unapanga nini. Unazipa anwani ya kumbukumbu, idadi ya vipengele, ukubwa wa kila kipengele kwa baiti, na funksheni yako ya kulinganisha viwili. Zenyewe zinahamisha baiti na kukuuliza: huyu na huyu, nani mbele?

Chombo chenye heshima kinafuata njia hiyohiyo, kikiongeza tu kumbukumbu ya nafasi iliyobaki:

struct safu {
    void  *data;
    size_t ukubwa;
    size_t idadi;
    size_t nafasi;
    int  (*linganisha)(const void *, const void *);
};

Hapo “ukubwa” ni baiti za kipengele kimoja, “idadi” ni vilivyomo, na “nafasi” ni vinavyoweza kuingia kabla ya kuomba kumbukumbu zaidi. Nafasi ikijaa, realloc huongeza, kwa kawaida mara mbili au mara moja na nusu, ili gharama ya kukua igawanyike. Mambo mawili hapa huwauma watu sana. La kwanza ni kuzidisha idadi kwa ukubwa bila kukagua kama jibu linatosha ndani ya size_t. La pili ni kumpa mtumiaji kielekezi cha kipengele kilichomo, kisha kuongeza kipengele kingine: realloc ikihamisha data, kielekezi cha zamani kinaonyesha kumbukumbu isiyo mali yako tena. Chombo kinachojali kitarudisha namba ya nafasi, au kitaandika wazi kwamba kielekezi ni halali mpaka uingizaji unaofuata tu.

Kuna njia nyingine za kupata hiyo “yoyote”. Unaweza kuweka ndani ya safu vielekezi tu, kila kimoja kikielekea kitu kilichoombwa malloc peke yake. Uhamishaji unakuwa mwepesi, kwani kila kipengele kwa kawaida ni baiti nane bila kujali kilicho nyuma yake, lakini kila ulinganisho unaruka kwenda sehemu nyingine ya kumbukumbu, na swali la nani atakifuta kitu linahamia kwa mtumiaji. Unaweza kuandika makro inayozaa msimbo mzima kwa kila aina, kama wafanyavyo waandishi wengi wa maktaba za faili moja. Kompaila basi inajua aina halisi, inakataa ukichanganya chanzo cha nyota na mteja wa benki, na inaweza kuumeza ulinganisho ndani ya kitanzi badala ya kuuita kupitia kielekezi cha funksheni. Unailipia kwa ujumbe wa makosa usiosomeka na programu iliyonenepa. Neno _Generic lililoingia na kiwango cha C11 halizai msimbo. Linachagua tu kati ya funksheni ulizokwisha kuziandika, kwa hiyo linafaa kuwa kifuniko chembamba juu ya chombo cha void. Mimi huanza na void na ukubwa, na ninahamia makro pale tu kipimo cha kasi kinaponilazimisha, jambo ambalo ni nadra kuliko mijadala ya waandishi wa programu inavyodai.

Sasa tuingie kwenye kilinganishi, maana huko ndiko siku huliwa.

Kwa orodha ya Uhuru, wazo la haraka ni kupanga kwa jina. Majina yana urefu mmoja, tarakimu za saa zimejazwa sifuri mbele, na strcmp ipo tayari. Kwa longitudo inafanya kazi barabara. Tatizo linajitokeza vyanzo viwili vinapogongana kwenye saa na dakika: katika msimbo wa ASCII alama ya kujumlisha ni 43 na ya kutoa ni 45, kwa hiyo strcmp itaweka kaskazini mwa anga mbele ya kusini, kisha ndani ya kusini yenyewe itaweka -15 kabla ya -60, kinyume cha hesabu. Hakuna kitakacholipuka. Ni mpangilio halali, ila si ule ambao sehemu nyingine ya programu, inayolinganisha digrii kwa namba, inaudhania. Sehemu moja ikipanga kwa mpangilio mmoja na nyingine ikatafuta kwa mwingine, utafutaji utasema chanzo hakipo ilhali kipo.

Hilo la herufi si la nyota peke yake. Chukua orodha ya maeneo ya Pwani iliyopangwa kwa strcmp. Ng'ombeni ya Kwale iliyoandikwa kwa alama ya mkato wima, ambayo ni baiti 39, itatangulia Ngomeni, kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko herufi o yenye 111. Ikiandikwa kwa mkato uliopinda, ambao simu na programu za kuandikia huuweka zenyewe, baiti ya kwanza ya mkato huo katika UTF-8 ni 226, na Ng’ombeni inarukia nyuma ya Ngomeni. Mji mmoja, kamusi moja, sehemu mbili tofauti ndani ya safu. Ukihesabu wakazi kwa eneo utapata Ng'ombeni mbili, kila moja na nusu ya watu wake. Dawa ni kusafisha majina kabla ya kuyaingiza, maana kilinganishi hakina uwezo wa kutambua kwamba alama mbili zilikusudiwa kuwa moja.

Kwa namba, kosa linalorudi kila kizazi ni kutoa moja kutoka nyingine na kurudisha tofauti. Ni fupi, linapendeza, na linafaulu kila jaribio dogo. Lakini kilinganishi cha C hurudisha int, na tofauti ya namba mbili kubwa zenye ishara tofauti haitoshi ndani yake. Ikifurika, iliyo kubwa inaonekana ndogo. Kwa namba za desimali ni vibaya zaidi: tofauti ya 0.4 ikigeuzwa kuwa int ni sifuri, na vyanzo viwili tofauti vinatangazwa kuwa sawa. Njia salama ni kulinganisha bila kutoa:

int linganisha_vyanzo(const void *a, const void *b)
{
    const struct chanzo *x = a, *y = b;
    if (x->lon != y->lon)
        return (x->lon > y->lon) - (x->lon < y->lon);
    return (x->lat > y->lat) - (x->lat < y->lat);
}

Hata hapa kuna mlango wazi. Desimali za kompyuta zina thamani inayoitwa NaN, “si namba”, inayotokea kipimo kinapokosekana au hesabu inapogawanya sifuri kwa sifuri. NaN si kubwa, si ndogo, wala si sawa na chochote, hata nafsi yake. Kilinganishi hicho juu kitasema latitudo ya NaN ni sawa na kila latitudo nyingine, na mpangilio unavunjika. Ikataliwe mlangoni, kwenye funksheni ya kuingiza, kabla haijagusa safu.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote hutoka kwenye sayansi yenyewe. Vipimo vya Uhuru havikuwa nukta. Kila chanzo kilikuja na kisanduku cha makosa, eneo la anga ambamo chanzo kimo mahali fulani. Mwandishi mwenye akili anaona hilo na kusema: basi kilinganishi kirudishe sifuri visanduku vikigusana, maana kisayansi hatuwezi kuvitofautisha. Ni wazo la busara linaloangamiza chombo. Kisanduku A kinagusa B, na B kinagusa C, lakini A na C haviko karibu. Kilinganishi kinasema A ni sawa na B, B ni sawa na C, na A ni ndogo kuliko C. Mpangilio wa namna hiyo haupo. qsort ikipewa maagizo hayo inaweza kutoa chochote, na kiwango cha C kinaiachia.

Madhara yake si nadharia. Januari 2024 kampuni ya usalama ya Qualys ilionyesha kwamba qsort ya glibc, maktaba inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ingeweza kusoma na kuandika nje ya safu ikipewa kilinganishi kisichoshikilia mpangilio wake, na kwamba hali hiyo ilikuwamo tangu 1992. Wasimamizi wa glibc walirekebisha, huku wakisisitiza, kwa haki, kwamba mwenye kosa ni kilinganishi. Ubishi huo unaonyesha mkataba ulipo: chombo kinakuamini kabisa, na hakina namna ya kukukagua kwa bei nafuu. Kwa hiyo mpangilio uwe mkali na sahihi hadi desimali ya mwisho, na uvumilivu wa makosa ya vipimo ukae kwenye swali unalouliza: nipe vyanzo vyote kati ya hapa na hapa.

Swali hilo la “kati ya hapa na hapa” linafichua upungufu wa bsearch. Funksheni hiyo ikikikuta unachokitafuta inarudisha kielekezi, na vikiwa vingi vinavyolingana inarudisha chochote kati yao. Isipokikuta inarudisha NULL, bila kusema kingepaswa kukaa wapi. Kwa chombo kinachoingiza vipengele, taarifa hiyo iliyotupwa ndiyo inayohitajika. Hivyo karibu kila chombo cha safu iliyopangwa huandika utafutaji wake wenyewe, unaojibu swali moja tu: nafasi ya kwanza ambayo haiko mbele ya ufunguo huu ni ipi?

size_t chini = 0, juu = s->idadi;
while (chini < juu) {
    size_t kati = chini + (juu - chini) / 2;
    const char *k = (const char *)s->data + kati * s->ukubwa;
    if (s->linganisha(k, ufunguo) < 0)
        chini = kati + 1;
    else
        juu = kati;
}
return chini;

Mistari hii michache ina historia ya aibu. Donald Knuth anaeleza kwamba utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu ulitajwa hadharani mwaka 1946, lakini utaratibu ulioandikwa kufanya kazi kwa safu ya ukubwa wowote haukuchapishwa hadi 1960. Na mwaka 2006 Joshua Bloch aliuambia ulimwengu kwamba toleo lililokuwamo ndani ya maktaba ya Java, la mkono wake mwenyewe, lilikuwa na kosa kwa karibu miaka tisa: lilijumlisha chini na juu kabla ya kugawa kwa mbili, na jumla ilifurika safu ilipozidi vipengele bilioni moja na kidogo. Zamani hakuna aliyekuwa na safu kubwa hivyo. Leo toleo la tatu la orodha ya setilaiti ya Gaia lina nyota takriban bilioni 1.8. Ndiyo maana “kati” hapo juu imeandikwa kwa kutoa kwanza.

Kwa vyanzo 339 vya Uhuru, ulinganisho hauzidi tisa. Kwa orodha ya kwanza ya darubini ya eROSITA, iliyotolewa Januari 2024 ikiwa na vyanzo karibu 900,000 vya miali ya eksi, ni 20. Kwa Gaia ni 31. Ukuaji huo wa taratibu ndio sifa inayoimbwa darasani, lakini kwa safu ndogo kuna kingine kinachozidi: ujirani. Kipengele kikiwa baiti 64, orodha nzima ya Uhuru ni kilobaiti 21 na ushei, nayo inakaa yote ndani ya kashe ya karibu kabisa na prosesa ya kawaida. Mti wenye vipengele hivyohivyo, kila kifundo kimeombwa malloc peke yake, hutawanya data na kuongeza vielekezi viwili au vitatu kwa kila kifundo. Vitabu huuweka mti na safu iliyopangwa daraja moja kwenye utafutaji. Mashine haiko tayari kukubaliana navyo. Na niseme ukweli, kwa vyanzo 339 hata kusoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kungekidhi haja, na asingejua mtu.

Anga ina mtego mwingine, nao ni kwamba longitudo yake ni duara. Chanzo kilicho saa 23 dakika 58 na kingine saa 0 dakika 2 viko dakika nne mbali, digrii moja tu kwenye ikweta ya anga, lakini ndani ya safu kimoja kiko mkiani na kingine kichwani. Swali la masafa linalovuka usiku wa manane wa anga lazima ligawanywe mawili. Tena digrii moja ya upana karibu na ikweta ni dakika nne za longitudo, ilhali kwenye latitudo 60 ni dakika nane, na karibu na ncha upana huo unameza duara zima. Anayetafuta majirani wa chanzo cha kaskazini kwa dirisha la upana uleule wa ikweta atakosa nusu yao bila onyo lolote. Mambo haya hayahusu chombo na hayapaswi kuingia ndani yake. Chombo kijue kuanzia na kuishia, basi. Funksheni ya astronomia iliyo juu yake ndiyo ijue kwamba dunia ni mviringo.

Kisha kuna funguo zinazosogea. Mhimili wa dunia huyumba taratibu, ukikamilisha mzunguko kwa takriban miaka 26,000, na kwa hiyo viwianishi vya anga hubadilika kila mwaka hata nyota isiposogea. Majina ya Uhuru yalitungwa kwa viwianishi vya mwaka 1950. Kwa viwianishi vya mwaka 2000, 4U 1700-37 iko saa 17 dakika 3 na sekunde 57, na 4U 1956+35, ile Cygnus X-1 maarufu inayohesabiwa kuwa na shimo jeusi, iko saa 19 dakika 58 na sekunde 22. Ya kwanza imesogea zaidi ya dakika tatu, ya pili chini ya mbili. Vyanzo havisogei kwa kiasi kimoja, kwa hiyo viwili vilivyokaribiana vinaweza kupishana. Mtu akipita ndani ya safu akibadilisha longitudo kipengele kwa kipengele, safu iliyokuwa imepangwa haijapangwa tena, lakini chombo hakijui, na utafutaji unaofuata utakosa vitu vilivyopo. Ndiyo sababu chombo kizuri kinarudisha vielekezi vya const, visivyoruhusu kubadilisha, na anayetaka kubadilisha ufunguo analazimika kutoa kipengele na kukiingiza upya, au kubadilisha vyote na kupanga upya mara moja. const ya C inavunjika kwa urahisi, lakini angalau anayeivunja analazimika kuandika ushahidi wake.

Kupanga upya nako kuna kitendawili cha vyanzo vilivyo sawa. Wengi hupanga kwa latitudo, kisha kwa longitudo, wakitegemea kwamba upangaji wa pili utaacha vilivyo sawa katika mpangilio wa kwanza. Kiwango cha C hakiahidi hivyo. glibc kwa miaka mingi ilipanga kwa kuunganisha makundi kumbukumbu ilipotosha, na njia hiyo huhifadhi mpangilio, hivyo watu wakadhani ni ahadi. Programu hiyohiyo ikihamishwa kwenye musl, maktaba nyingine ya C inayotumia njia tofauti, orodha inatoka kwa sura nyingine. Weka vigezo vyote ndani ya kilinganishi kimoja, na mwishoni kabisa namba ya utambulisho isiyojirudia, na suala hilo linazikwa. Vilevile ukitaka kupanga kwa umbali kutoka nukta fulani, qsort haina pa kuipitishia nukta hiyo, na watu huishia kwenye kigeu cha programu nzima ambacho nyuzi mbili za programu zinakigombania. GNU na BSD zote zilitoa qsort_r kutatua hilo, zikapishana katika mpangilio wa hoja, mpaka POSIX ya 2024 ilipochagua ule wa GNU. Kwenye chombo chako mwenyewe, ongeza tu kielekezi cha muktadha karibu na kilinganishi tangu siku ya kwanza.

Gharama halisi ya safu iliyopangwa ni kuingiza katikati. Kama abiria anayejipenyeza kwenye foleni ya matatu, mmoja akiingia, walio nyuma yake wote husogea hatua. memmove hufanya kazi hiyo kwa kasi ya ajabu, lakini hesabu ni hesabu. Kwenye safu ya vipengele 900,000 vya baiti 64, uingizaji mmoja wa kubahatisha husogeza wastani wa megabaiti 29 hivi. Kuijenga orodha yote kwa kuingiza kimoja kimoja ni kusogeza takriban terabaiti 13. Kumwaga vyote mwishoni bila mpangilio kisha kuita qsort mara moja ni ulinganisho wa mamilioni kumi na kitu, jambo la muda mfupi kwenye kompyuta ya mezani. Chombo kinachotoa funksheni ya kuingiza kimoja tu, bila ya kuingiza kwa wingi, kimemtega mtumiaji wake.

Hapa ndipo kituo cha ardhini cha Malindi, kilichoko hukohuko Ngomeni, kinapoleta swali la aina nyingine. Setilaiti za miali ya eksi na gama, Swift tangu 2004, NuSTAR tangu 2012, IXPE tangu 2021, zimekuwa zikishusha data zao hapo zinapopita juu ya pwani. Data hiyo ni orodha ya matukio, kila fotoni na muda wake. Inafika karibu imepangwa, kwa kuwa muda huenda mbele, lakini “karibu” ndilo neno lenyewe: pakiti nyingine huchelewa, nyingine hurudiwa, na mapito mawili yanaweza kuingiliana. Kwa mkondo kama huo uingizaji wa kubahatisha ni hesabu isiyohusika. Chombo kianze kwa kulinganisha na kipengele cha mwisho. Kipya kikiwa kikubwa, kinawekwa mkiani bila kutafuta wala kusogeza. Vichache vilivyochelewa husogeza vipengele vichache, maana nafasi yao iko karibu na mkia.

Kwa marudio, uamuzi uwe wa wazi kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Muda peke yake hautoshi kuwa ufunguo, kwa sababu fotoni mbili halali zinaweza kusajiliwa kwa muda mmoja. Muda pamoja na namba ya pakiti na nafasi ndani ya pakiti unatosha, na tukio linalolingana kwa vyote vitatu ni nakala ya kutupwa. Chombo kinapaswa kumwambia mwitaji kwamba kimekataa nakala, kwa thamani tofauti na ile ya kukosa kumbukumbu. Nimeona vyombo vingi vinavyorudisha -1 kwa yote mawili, na programu inayokosa kumbukumbu ikiendelea kwa amani ikidhani imekutana na nakala.

Mkondo ukiwa mkubwa na wachelewaji wakawa wengi, safu moja huzidiwa, ila hilo halimaanishi kukimbilia mti. Weka safu kuu iliyopangwa, na pembeni safu ndogo ya wapya. Utafutaji uangalie zote mbili. Pito linapomalizika na setilaiti kutoweka upeoni, panga ile ndogo na uziunganishe kwa mpito mmoja ukianzia mkiani, ili pasihitajike kumbukumbu ya pili yenye ukubwa wa data nzima. Kilinganishi ni kilekile kwa kupanga, kutafuta na kuunganisha. Na katika toleo la majaribio, kila baada ya kuunganisha, kitanzi kifupi kipite kikihakikisha kwamba hakuna kipengele kilicho kikubwa kuliko kinachokifuata. Kwa fotoni milioni moja ni ulinganisho 999,999, na programu inasimama palepale mpangilio ulipovunjika badala ya wiki mbili baadaye kwenye mchoro wa mtu mwingine.